Karani wa Vicheko

Nchi yetu haina haja ya kutajwa jina. Sisi wenyewe tunaijua, na wageni hawapewi viza, kwa hiyo jina lingekuwa la nini? Inatosha niseme kwamba ni nchi ya amani, ina bendera, ina wimbo, na ina Wizara ya Furaha za Nyumbani, ambayo mimi Mwinyimvua nimeitumikia kwa uaminifu miaka kumi na tisa. Cheo changu ni Mhakiki wa Familia, Mlangoni. Wenye husuda husema mimi ni bawabu. Waache waseme, mdomo ni mali yao.

Nitakayoyasimulia yalitokea mwaka ule Sikukuu ya Kurudi Nyumbani ilipotimiza miaka kumi. Sikukuu hiyo aliianzisha Baba wa Familia, yaani Rais wetu, siku aliyorudi kutoka matibabuni ng'ambo akakuta barabara ya uwanja wa ndege haina mtu wa kumpungia mkono. Alihuzunika. Akaamuru kwamba siku moja kila mwaka, kila mwananchi arudi kwao, ale na wazazi wake, na afurahi. Tarehe hubadilika, maana ni lazima Baba wa Familia mwenyewe awepo nchini, na yeye ana shughuli nyingi za nje. Mwaka mmoja tulisherehekea mara mbili, mwaka mwingine hatukusherehekea kabisa. Tumezoea kukaa na mizigo imefungwa.

Basi kwa kuadhimisha miaka kumi, Waziri wetu, Mheshimiwa Kilongola, aliamua nchi itengeneze filamu. Iwe ya kuchekesha, iwe na mapenzi, iwe ya familia na iwe ya Sikukuu. Na iwe na nyota wote. Aliposema wote watu wa Wizara walidhani ni kwa namna ya kusema tu. Hapana. Nchi yetu ina nyota arobaini na mmoja kwa hesabu rasmi, na ukimwacha mmoja utaambiwa unaleta ubaguzi.

Filamu ikaitwa *Sote Mezani*. Mama mjane ana watoto wanane, na kila mtoto anampenda mtu asiyemfaa. Jioni ya kuamkia Sikukuu wote wanarudi kwa mama na wachumba wao. Hapo ndipo inapokolea: huyu anadhaniwa yule, pete inaangukia kwenye sufuria ya pilau, keki inakaliwa na shemeji, mbuzi wa karamu anakata kamba na kuingia ukumbini. Mwisho wanaketi mezani, wanasameheana, na wachumba wote wanaoana kwa mpigo mmoja. Nasikia ni tamu sana.

Utengenezaji haukukosa misukosuko. Hakuna nyota aliyekubali kuingia kwa mama baada ya mwenzake, kwa hiyo ilibidi mlango ubomolewe, upanuliwe, waingie wote arobaini na mmoja sambamba. Kule kuingia peke yake kunachukua dakika kumi na moja. Kisha kila mmoja alikuwa na mkataba unaosema yeye ndiye atakayekuwa wa mwisho kulia. Walianza kulia Jumatatu, Alhamisi walikuwa hawajamaliza. Mpwa wa Baba wa Familia aliigiza wachumba wanne, kwa kubadilisha kofia, na magazeti yote yalikiri kwamba kofia ziliigiza vizuri.

Walihitajika pia watu wa nyuma: wageni wa karamu, wapishi, wabeba sinia, wapiga makofi. Mheshimiwa Kilongola alijisifu redioni kwamba kwa upande huo hakuajiriwa mtu hata mmoja. Alisema wameazimwa kutoka idara nyingine ya serikali. Idara gani, hakusema, nasi hatukuuliza. Sisi si watu wa kuuliza.

*

Sheria ya Utazamaji ilitoka wiki moja kabla ya filamu. Kila kaya itazame, na itazame ikiwa kamili, kama ilivyo kwenye bango: baba, mama, watoto wasiopungua wawili, na bibi mmoja mwenye miwani. Kazi ya kuhakiki ikawa yangu, na niseme bila kujisifu kwamba niliifanya. Baba asiyefanana na watoto wake nilimrudisha akalete cheti. Mama aliyekuja amenuna nilimpa dakika tano nje ajirekebishe.

Waliopungukiwa waliazima. Tulikuwa na benchi karibu na muuza bisi, na juu yake walikaa mabibi sita wa Wizara wakingoja familia zisizo na bibi. Miwani tuliwapa. Haikuwa na vioo, lakini kwa mbali ilipendeza.

Ndani, nyuma ya kila kiti, palibandikwa Ratiba ya Hisia. Dakika ya kumi na mbili, tabasamu. Dakika ya ishirini na sita, kuguna. Dakika ya arobaini, mbuzi anapopanda mezani, kicheko kikubwa. Dakika ya sabini na moja, machozi. Si nchi nyingi zinazomjali mtazamaji kiasi hicho. Kwingine mtu huachwa gizani ajitafutie mwenyewe pa kulia.

Na kuhakikisha ratiba inafuatwa, kila ukumbi ulikuwa na Karani wa Vicheko. Karani hukaa kwenye kiti kirefu, mbele kabisa, na daftari na taa ndogo, na juu ya kichwa chake kinaning'inia kipaza sauti cha kupimia vicheko. Huelekeza uso kwa watazamaji, na mgongo kwa skrini. Kugeuka ni marufuku. Waraka ulieleza sababu, nami niliiona ya busara: karani akiitazama filamu atacheka, na akicheka nani atahesabu? Karani atakayegeuka atapelekwa kozi. Mtazamaji atakayelia mara tatu mahali pa kucheka, naye pia kozi.

Hapa nieleze kozi, kwa ajili ya wasioijua nchi yetu. Sisi hatuna wafungwa. Gereza la mwisho lilifutwa zamani, kibao kikang'olewa mbele ya mabalozi. Tulicho nacho ni kozi. Mtu akiteleza kwa maneno au kwa uso, anachukuliwa kwenda kuongezewa maarifa, na ndugu zake wakienda kuuliza wanaambiwa yuko kozini, barua itakuja. Ni nchi inayopenda elimu kupita kiasi. Mtaani kwetu peke yake watu kumi na wanne walikuwa wanasoma.

*

Karani wa ukumbi wetu aliitwa Sikudhani. Mwanamke mwembamba, mwandiko mzuri, si mwingi wa maneno. Mumewe, Mfaume, alikuwa fundi wa viti, na miaka miwili na miezi minne nyuma alikuwa amesimama sokoni Mheshimiwa Kilongola alipohutubia kwamba bei ya unga imeshuka. Mfaume akacheka. Alicheka peke yake, mbele ya watu elfu. Wakati huo hapakuwa na sheria inayosema wapi ucheke na wapi usicheke, kwa hiyo ilibidi itungwe baadaye, na yeye akaenda kozi kuingoja.

Utauliza iweje mke wa mtu kama huyo apewe kazi Wizarani. Kwani kozi ni adhabu? Kumnyima kazi kungekuwa kukiri kwamba ni adhabu. Ndiyo maana alipoomba, akapata.

Aliishi na mamake Mfaume, Bi Kidawa, mwanamke wa miaka sabini na kitu. Hao wawili hawakutimia kuwa kaya, kwa hiyo hawakuruhusiwa kuitazama filamu pamoja wala kwa jina lao. Lakini Bi Kidawa alikuwa bibi wa kupendeza, na mimi mwenyewe nilimwandikisha kwenye benchi la kuazimwa. Nilidhani namfanyia hisani.

Mlango wa ukumbi wetu uko ubavuni mwa skrini, fundi alikosea ramani. Ukisimama pale huoni filamu hata chembe. Unaona nyuso za watu tu. Kwa hiyo siku ya kwanza, dakika ya arobaini ilipofika, niliona ukumbi mzima ukicheka kwa pamoja, vizuri sana, meno safu kwa safu. Na katikati ya meno hayo nikamwona Bi Kidawa, aliyeazimwa na familia ya ofisa wa kodi, amevua miwani yake isiyo na vioo, anatokwa na machozi, hata hayafuti.

Sikudhani naye alimwona. Kalamu ilisimama. Kisha akaandika, maana ndiyo kazi: safu ya nne, kiti cha saba, chozi, dakika ya arobaini.

Watu walipotoka, hao wawili walikutana kwenye benchi langu. Sikudhani aliuliza kama mama anaumwa.

"Siumwi," akasema Bi Kidawa. "Nimemwona Mfaume."

"Umemwona wapi, mama?"

"Humo ndani. Nyuma ya yule kijana wa kofia. Kabeba sinia."

Sikudhani alimwangalia, kisha akaniangalia mimi, nami nikashughulika na funguo. Akamwambia mama kwamba macho yamechoka, kwamba watu hufanana, kwamba Mfaume hakuwahi kuwa na koti kama la wahudumu wa karamu. Alizungumza haraka haraka, mikono haikai.

"Sikudhani mwanangu," akasema Bi Kidawa, "huyo nimemzaa mimi. Wamemnyoa, wamemvika koti la mtu mnene kuliko yeye. Lakini ule mguu wa kushoto anavyouburuta tangu alipoanguka mpera, huo hawakuubadilisha."

*

Tangu siku hiyo kiti kile kirefu kikawa cha miiba. Maonyesho yalikuwa manne kwa siku, kuanzia asubuhi hadi alasiri, na mara nne kwa siku mume wa Sikudhani alipita nyuma ya mgongo wake, hatua chache tu, naye hana ruhusa ya kugeuza shingo. Angeingia kama mtazamaji? Familia haijatimia. Angeazimwa na familia nyingine, kama mkwewe? Makarani hawaazimwi, waraka ulikataza.

Aliniambia jambo moja ambalo mpaka leo linanikera. Aliniambia kwamba filamu nzima anaijua kwa masikio. Anajua mlango ukifunguka, anajua mama mjane akiguna, anajua kwato za mbuzi. Na muda mfupi kabla ya mbuzi kupanda, kuna sinia linalowekwa mezani, zito, *ko*. Alikuwa amelisikia mara nyingi sana bila kujua ni mkono wa nani unaoliweka.

Nilimwona anavyohangaika. Dakika ya thelathini na tano anaanza kuvuta nguo magotini. Thelathini na nane, kalamu inagongagonga daftari. Arobaini, *ko*, na mabega yanampanda hadi masikioni. Watu wanacheka, yeye anahesabu midomo, na machozi ameyazuia pale pale yalipo.

Siku ya sita alinijia na picha ndogo ya Mfaume, ya cheti cha ufundi.

"Mzee Mwinyimvua, shikamoo. Nakuomba kitu kimoja. Dakika ya arobaini toka mlangoni, nenda nyuma ya ukumbi, tazama, kisha uje uniambie ni yeye au si yeye. Dakika moja tu, baba."

Nikamwambia mlango hauachwi. Nikamwambia kuna kanuni ya mlango, kifungu cha tatu. Nikamwambia kesho. Kesho yake nikamwambia Jumatatu. Niseme wazi, maana haya ninayaandika kwa utulivu na hakuna anayenipima: niliogopa. Niliogopa kwamba nikienda nitamwona kweli, na nikimwona nitakuwa nimejua, na mtu akijua uso wake hubadilika, na katika nchi yetu uso ndio hati ya kwanza anayokaguliwa mtu.

Bi Kidawa aliazimwa tena, safari hii na familia ya mwalimu wa muziki. Akalia tena, dakika ile ile. Sikudhani hakuandika. Lakini Mkaguzi Mkuu, aliyekaa juu kwenye roshani na darubini yake, alishuka, akamwelekeza kwa kidole, akasimama pembeni mpaka akaandika. La pili hilo.

Siku hiyo nilimsikia Sikudhani akimsihi mkwewe. Asije tena. Au akija, afumbe macho dakika ya arobaini, ahesabu mpaka sitini, afumbue.

"Nifumbe macho nisimwone mwanangu?" akasema Bi Kidawa. "Filamu yenyewe siijui inahusu nini. Mimi nakuja kwa dakika hiyo."

*

Baba wa Familia akawepo nchini, Sikukuu ikatangazwa kwa saa kumi na nane za maandalizi. Mheshimiwa Kilongola akachagua ukumbi wetu kuwa mahali pa kuadhimishia. Tulipaka rangi kuta mpaka mahali kamera zitakapofika. Matangazo yalikuwa ya moja kwa moja, nchi nzima.

Hotuba yake ninayo mpaka leo. Alisema filamu hii ni kioo cha taifa. Alisema taifa ni familia, na familia ni meza, na meza ni miguu minne, na miguu hiyo ni utii, subira, furaha, na utii tena, kwa sababu ni muhimu. Alisema mataifa makubwa yametuma wataalamu kuja kujifunza jinsi wananchi wetu wanavyocheka kwa wakati. Tulipiga makofi hadi Mkaguzi Mkuu aliposhusha mkono.

Mabibi wote sita waliazimwa siku hiyo. Bi Kidawa akaangukia safu ya pili, karibu na Mheshimiwa mwenyewe. Nilijaribu kumweka nyuma, Mungu ni shahidi, lakini afisa itifaki alimtaka mbele kwa sababu ya mikunjo yake. Alisema inaingia vizuri kwenye kamera.

Taa zikazimwa. Dakika kumi na moja nyota wakaingia mlangoni kwa mama. Watu wakatabasamu, wakaguna. Mimi sikuweza kusimama mahali pamoja. Nilifungua komeo, nikafunga, nikafungua. Dakika ya thelathini na nane. Sikudhani kalamu haigongi. Imetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitia hofu.

*Ko.*

Mbuzi akapanda. Ukumbi ukacheka. Bi Kidawa akalia, uso juu, kwenye kamera, kwa nchi nzima. Mkaguzi Mkuu akanyoosha kidole kutoka roshani: andika.

Sikudhani akafunga daftari. Akazima taa yake ndogo. Akajizungusha juu ya kile kiti, kama mtu anayegeuka kumwangalia aliyemwita, akatazama.

Sikuona alichokiona. Niliuona uso wake kwa ubavu, na mwanga wa filamu ukiwa juu yake. Alisema neno moja, "Mfaume," wala hakulisema kwa nguvu. Lakini kipaza sauti cha kupimia vicheko kilikuwa juu ya kichwa chake, na kiliundwa kisikose hata mguno. Jina lile likasikika ukumbini, likasikika redioni, likasikika mikahawani na vituo vya polisi.

Mheshimiwa akapaza sauti filamu izimwe. Mwendesha mitambo alibabaika. Badala ya kuzima, aliisimamisha hapo hapo. Picha ikaganda: nyota arobaini na mmoja wamefungua vinywa, mbuzi katikati yao, na nyuma, ukuta mzima, watu wa nyuma. Hapo hata mimi niliacha mlango. Nilikwenda mpaka kwenye safu ya kwanza nikatazama. Alikuwa yeye. Shingo imekuwa nyembamba, koti limempwaya, mkono bado uko juu ya sinia.

"Binti, umegeuka," akasema Mheshimiwa.

"Nimegeuka, Mheshimiwa. Yule mbeba sinia ni mume wangu."

Mheshimiwa akatazama skrini, kisha akatazama kamera. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Mtu mwingine angetahayari, lakini yeye si waziri wa bure. Alitabasamu.

"Bila shaka ni yeye. Yuko kozini."

"Kozi ya nini, Mheshimiwa?"

"Ya... uigizaji. Serikali yenu inakuza vipaji."

Watu wakapiga makofi, kwa mazoea. Sikudhani akangoja yaishe.

"Ni kozi nzuri?"

"Nzuri mno. Chakula bure, malazi bure, walimu wa hali ya juu. Watu wanaililia."

"Basi na mimi naomba nafasi."

Makofi hayakuja. Mheshimiwa akasema nafasi ni chache, kuna vigezo, kuna fomu. Ndipo Bi Kidawa akainuka, miwani mkononi.

"Kigezo mimi ninacho," akasema. "Nina machozi matatu. Niandikeni."

Kutoka safu ya nne mke wa yule ofisa wa kodi akasimama. Alisema kakake ni yule wa pili kutoka dirishani, anayepiga makofi. Yeye pia anaomba. Mwalimu wa muziki akasema binti yake ni yule mpishi. Watu wakaanza kuukodolea macho ule ukuta wa nyuma, wakionyeshana, wakiinuka. Waliokuwa hawana mtu kwenye picha waliomba pia, maana nani atabaki nje ya jambo zuri kiasi hicho, na Waziri amelisifu mwenyewe hewani? Kabla ya saa moja kupita nilikuwa nimegawa fomu zote, na nyingine tuliandika nyuma ya Ratiba ya Hisia.

Jioni simu ikaja kutoka Ikulu. Baba wa Familia alikuwa ametazama, na alifurahi kuona watu wake wana kiu ya elimu. Aliamuru wapokelewe wote.

*

Amri ya Ikulu haina rufaa. Lakini kanuni za kozi nazo zipo, na alizisaini yeye mwenyewe: hakuna darasa jipya litakaloingia kabla darasa lililopo halijahitimu. Wataalamu wa Wizara walijifungia siku saba kutafuta njia ya kupita kati ya hayo mawili. Walitoka wamekonda. Ilibidi yafanyike mahafali.

Nilihamishiwa langoni pa kozi, kwa uzoefu wangu wa milango. Jengo lenyewe lilikuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Miaka yote nilidhani ni ghala. Lango ni moja. Utaratibu ukawekwa: wahitimu watoke kwa upande wa kushoto wakiwa na vyeti, waombaji waingie kwa upande wa kulia wakiwa na godoro na sahani. Asubuhi, jua limeshapanda, bendi ya polisi ikapiga. Namba moja kwenye orodha yangu alikuwa Sikudhani. Namba mbili Bi Kidawa.

Wa kwanza kutoka walikuwa wapiga makofi. Kisha wapishi. Kisha nikaona mguu unaburutwa.

Wakakutana katikati ya lango, yeye na cheti, mkewe na godoro. Nilitakiwa kuwaambia wapite, kila mtu upande wake. Nilijifanya natafuta jina kwenye orodha.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mfaume. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuulizwa lolote.

"Kozini."

"Nani kakulazimisha?"

"Hakuna. Nimeomba. Sikuwa na njia nyingine ya kukuona."

Bi Kidawa alikuwa tayari ameushika uso wa mwanawe kwa mikono yote miwili, akiugeuza huku na huku, akisema amekonda, amekonda, wamemkondesha mwanangu. Mkuu wa kozi akapiga filimbi. Akaniambia niwasogeze, foleni inaziba.

Mfaume akakitazama cheti chake. Kilikuwa kizuri, kina mhuri wa dhahabu na picha ya mbuzi. Akaburuta mguu mpaka kwenye meza ya mkuu, akakiweka juu yake.

"Mkuu, mimi nimefeli," akasema. "Naomba kurudia."

Kisha akarudi akalichukua godoro kutoka kichwani kwa mkewe, akasimama naye kwenye foleni ya kuingia.

Mkuu alifungua kitabu cha kanuni. Nilimwona akilowesha kidole na kupindua kurasa, mbele na nyuma. Anayerudia ni mwombaji mpya. Mwombaji mpya haingii mpaka darasa lililopo lihitimu. Na darasa ambalo mtu wake amefeli halijahitimu. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Na alipoinua kichwa, yule kaka wa mke wa ofisa wa kodi alikuwa amesimama mezani na cheti chake. Naye amefeli. Nyuma yake binti mpishi. Nyuma yake wengine, mstari mzima, kila mmoja amemwona wake upande wa pili. Vyeti vikarundikana mpaka vikaanza kuanguka chini, na foleni ya kulia na foleni ya kushoto zikawa kitu kimoja, pale pale katikati ya lango, watu wameshikana mikono juu ya magodoro.

Mkuu akaniamuru nifunge lango. Nikalisukuma. Likagota kwenye kiatu cha mtu. Nikalisukuma tena, taratibu, kwa adabu, likagota kwenye godoro. Akaniuliza kwa ukali nangoja nini.

"Halifungiki, mkuu," nikamwambia. "Kuna watu."

Akataka kujua ni wangapi.

Nikatazama kule barabarani, wanakotokea. Nikamwambia bado wanakuja.